Land Rover 109: waya wa spidi wa tatu mpya umekatika ndani ya mwaka. Naomba msaada

Mkonge109 (Pongwe, Tanga)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Land Rover 109, ile ndefu, toleo la zamani la Series IIA, ya petroli. Marehemu baba aliinunua kwenye shamba la mkonge alilokuwa akifanya kazi, walipokuwa wakiuza magari yao ya zamani, na sasa iko mikononi mwangu. Haikai uani kama pambo. Msimu wa machungwa inateremsha mzigo kutoka Muheza, na mara mojamoja inapanda Amani. Injini nzima, giaboksi haina kelele. Kinachonitesa ni waya wa spidi, ule unaozunguka ndani ya kava lake kutoka chini ya gari na kuendesha mshale wa mwendo.

Ule wa enzi za baba ulikatika mwaka jana masika yalipoisha. Nikanunua mpya, ukakaa miezi minne. Wa pili ukakaa wiki sita. Huu wa juzi umekaa siku tisa.

Dalili ni zilezile kila mara. Mshale unaanza kucheza, unakwenda 20, unaruka 40, unarudi. Nyuma ya paneli panalia kri-kri-kri, na nikiongeza mwendo kelele inaongezeka. Halafu inasikika "tik", mshale unalala kwenye sifuri na namba za maili zinasimama.

Fundi wangu anasema waya za siku hizi hazina uzima, ninunue nyingine. Huenda. Lakini siku tisa?

Jambo lenyewe ni zito kwangu kwa sababu mbili. Kwanza, barabara ya Segera ina vibao vya 50 kila penye makazi, na trafiki wa tochi hawaulizi gari ni la mwaka gani. Saa yangu ya spidi ni ya maili, kwa hiyo nimeweka alama ya rangi nyeupe kwenye kioo pale 31, ndiyo 50 yangu. Mshale usipofanya kazi naendesha kwa kukisia.

Pili, baba aliacha daftari. Kila alipobadilisha oili aliandika tarehe, maili na alichofanya. Maandishi yake ya mwisho yanasema: "61,204. Oili ya injini. Plagi nne. Grisi propela." Nami nimeendelea kuandika chini yake. Sasa namba zimesimama 63,871 na gari linatembea. Sijui tena lini nimwage oili, na lile daftari linaandika uongo. Sitaki liwe hivyo.

Je, tatizo ni waya kweli?

DerevaPangani

Mkuu, pole. Mimi kwenye gari langu niliachana na waya, nimebandika simu kwenye dashibodi, GPS inanipa spidi safi kabisa. Hautumii hela ya waya tena.

Mkonge109

Ahsante kaka. Simu ninayo na ninaitumia kwa sasa. Lakini ukipanda Amani msituni inapoteza, na haihesabu maili za gari endapo kijana wangu ametoka nalo bila simu hiyo. Nataka kilichomo kwenye gari kifanye kazi.

MzeeWaSpana (Ngamiani)

Mwanangu, usinunue waya wa nne bado. Nijibu haya kwanza.

Umekatikia wapi? Juu karibu na saa, katikati, au chini karibu na giaboksi? Na zote tatu zimekatikia pamoja, au kila mmoja na pake?

Ulipouvuta waya wa ndani, ulikuwa mkavu, una grisi, au umelowa oili ya gia?

Na huo waya umepita wapi kutoka chini hadi kwenye paneli? Nieleze kama unavyomwelekeza mgeni njia.

Mkonge109

Shikamoo mzee. Nimetoka uvunguni sasa hivi, nina tochi mdomoni.

Ninazo mbili, moja fundi alitupa. Zote zimekatikia juu, kama sentimita 12 kutoka kwenye saa. Pale zilipokatikia nyuzi zimefumuka kama msuko wa nywele uliofunguliwa. Zimelowa oili nyeusi yenye harufu ya oili ya gia, mpaka juu kabisa. Kioo cha saa nacho kina ukungu wa mafuta kwa ndani, nilidhani ni uzee.

Njia: unatoka transfa boksi (ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwa nyuma, unafuata chasisi, unapita karibu na ekzosi (kava limeiva na kupasuka hapo), unapanda, unapenya tundu la ukuta wa injini ambalo halina raba, halafu unakunja ghafla kuingia kwenye saa. Ni mfupi, fundi aliuvuta kwa nguvu ili ufike.

MzeeWaSpana (Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, na gari lako limekwisha kujieleza. Waya hauumwi. Waya unauawa.

Nimeshika spana kwenye karakana za mkonge miaka mingi, na magari haya tulikuwa nayo mengi. Basi nisikilize taratibu.

Kwanza ujue kinachofanyika ndani. Kule chini, nyuma ya transfa, shafti inayotoa nguvu kwenda propela ya nyuma, ule mhimili mrefu wa kuzungusha magurudumu, ina meno yaliyojizungusha kama skrubu. Yanazungusha kigia kidogo, kigia kinazungusha waya. Waya unapanda mpaka kwenye saa na kuzungusha sumaku. Sumaku haigusani na mshale hata kidogo. Imezungukwa na kikombe chembamba cha aluminiamu, na sumaku ikizunguka inakikokota kile kikombe kwa nguvu isiyoonekana. Kamba ndogo ya springi, nyembamba kama ya saa ya mkononi, inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe. Spidi ikizidi, mkokoto unazidi. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyeisajili kazi hiyo mwaka 1902, na hata pikipiki zenye waya zinatumia njia hiyohiyo. Namba za maili zenyewe zinasukumwa na vigia moja kwa moja kutoka kwenye mhimili wa sumaku.

Sasa angalia. Ule mhimili wa sumaku unatakiwa uzunguke mwepesi kama pia ya watoto. Ukikauka au ukijaa uchafu unakuwa mzito. Chini gari linausukuma waya kwa nguvu zake zote, juu saa inakataa. Waya uliobanwa kati ya hao wawili unajikunja, unajikusanya nguvu, unaachia, unajikunja tena. Huko kuachia ndiko kunakorusha mshale. Na mwisho unakatika karibu na yule anayekataa, yaani juu. Zako zimekatikia juu zote mbili. Ungeniambia zimekatikia chini ningekutuma kwenye kigia.

Una makosa matatu kwa pamoja, ndiyo maana siku zinapungua kila safari.

La oili ndilo mama yao. Pale kigia kinapotokea kwenye nyumba yake kuna oilsili ndogo, ile pete ya kuzuia oili isivuje. Ya kwako imekwisha. Waya wa spidi umesokotwa, na kitu kilichosokotwa kikizunguka ndani ya bomba jembamba kinapandisha oili kama skrubu. Umepandisha oili ya gia mpaka ndani ya saa. Oili ile ni nzito, imeshika vumbi, imekuwa gundi. Kwa hiyo saa imeanza kukataa. Ukibadilisha waya ukaiacha oilsili, utanunua waya mpaka uchoke. Na pima oili ya transfa leo hii, maana imekuwa ikipungua bila wewe kuona tone chini.

La pili ni ile kona. Sheria niliyofundishwa: waya usikunjwe duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 15, na sentimita 5 za mwisho kila upande ziingie zimenyooka. Wako unaingia saa ukiwa umevunjika shingo. Nunua mrefu wa kutosha, usikubali wa "utafika tu".

La tatu ni ekzosi. Joto linaivisha kava, grisi inayeyuka na kushuka, waya unakauka. Upitishe upande mwingine na uufunge kwa klipu, usiubane mpaka ukaminya kava.

Sasa kazi.

Toa terminali ya betri kwanza. Nyuma ya paneli ya IIA mna nyaya za umeme zimejaa, na ile nati ya waya ni ya chuma. Fungua paneli, ivute mbele polepole, fungua nati ya duara kwa vidole. Ikiwa imegoma tumia plaizi na kitambaa, usiitafune.

Chonga kijiti cha mti kiwe mraba, kichomeke kwenye tundu la nyuma ya saa, zungusha kwa vidole. Ukisikia uzito au mchanga, hapo ndipo penye jibu. Ipeleke kwa fundi wa saa za mkononi, siyo fundi magari. Mwambie asafishe na aweke tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Tone moja. Mafuta yakifika kwenye kile kikombe mshale utang'ang'ania. Grisi usiweke humo kabisa.

Kabla ya kuingia uvunguni, jambo hili ulishike sana: breki ya mkono ya Land Rover hiyo haishiki magurudumu, inashika ngoma iliyo kwenye propela. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia zilizo kati ya magurudumu mawili ya nyuma) inaliachia na gari linaweza kubiringika juu yako huku breki umevuta. Weka magogo pande zote mbili za magurudumu yaliyobaki chini. Nimeona mtu akivunjwa mguu kwa hilo. Kwa kazi hii jeki huihitaji, gari liko juu, lala tu chini.

Chini, waya ukishatoka, weka gari nyutro, vijana walisukume hatua chache kwenye uwanja tambarare, wewe usimame pembeni na kumulika kile kitundu cha kigia. Kikizunguka bila kukwama kigia ni kizima. Badilisha oilsili.

Waya mpya usiufunge ulivyotoka kwenye karatasi. Vuta wa ndani, ulaze juu ya meza ya kioo au saruji laini, ubiringishe. Ukiruka popote una kikunjo, urudishe dukani. Kisha ushike ncha mbili uning'inie kama bembea, zungusha ncha moja kwa vidole. Nyingine ifuate papo hapo, isisubiri kisha iruke. Ukipita mtihani huo, paka grisi nyembamba, uiache sentimita 20 za juu kavu. Ya chini itapanda yenyewe. Wengi wanapaka kama wanapaka siagi mkate, halafu wanashangaa saa imejaa grisi.

Ukiufikisha juu, ncha ya ndani itokeze kama milimita 10 nje ya kava. Iingize kwanza kwenye tundu la mraba, uizungushe mpaka uisikie imekaa, ndipo ufunge nati kwa vidole tu. Nati ikikataa kufika mwisho usiilazimishe, mraba haujakaa, utaisukuma sumaku kutoka mahali pake.

Na weka raba kwenye lile tundu la ukuta. Bati lile ni kisu.

BodaTangamano

Shikamoo mzee, nimejifunza mengi hapa. Mimi natengeneza pikipiki, naomba niongeze moja. Kuna wateja wa magari ya zamani huja kwangu niwakatie waya wa ndani kutoka kwenye waya wa pikipiki. Wakuu, angalieni msokoto. Waya wa spidi umesokotwa kwa ajili ya kuzunguka upande mmoja. Ukiuweka kwenye gari linalozungusha upande wa pili nyuzi za nje zinafumuka, zinavimba ndani ya kava na kukwama. Unene nao lazima ulingane, ukiwa mwembamba unapiga kelele ndani ya kava kama mjeledi. Mkonge109 amesema nyuzi zilifumuka, basi aulize ule wa mwisho ulitoka wapi.

Mkonge109

Kaka umenigusa. Ule wa siku tisa fundi alisema "ameutengeneza" mwenyewe. Sikuuliza kwa kutumia nini.

MzeeWaSpana (Ngamiani)

Kijana wa pikipiki amesema kweli, na mimi nilisahau. Mwanangu, nunua uliokamilika na kava lake, wa gari lako.

NyumbaYaMakorora

Samahani kuingilia. Mie nina Land Rover 88, ile fupi, nilinunua saa iliyotumika iliyotoka kwenye 109, inaingia vizuri na waya mzuri, lakini inadanganya. Tunaenda na pikipiki sambamba, yeye anasoma spidi nyingine kabisa. Je, ni waya pia?

MzeeWaSpana (Ngamiani)

Hapana, mama au baba, samahani sijui. Waya hauna uwezo wa kudanganya kwa kipimo kilekile kila siku. Waya mbovu unacheza au unakufa. Saa inayodanganya sawasawa kila mwendo haikuoana na gari.

Tazama uso wa saa, kuna namba ndogo imeandikwa. Ni mizunguko ya waya kwa kila maili. Mfano ikiwa 1000, basi ukienda maili 60 kwa saa waya unazunguka mara 1000 kwa dakika. 109 imetoka na tairi za 7.50-16, 88 ya kawaida ni 6.00-16. Tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo saa za magari hayo mawili hazifanani. Saa ya 109 kwenye tairi zako ndogo itakuonyesha spidi kubwa kuliko unayokwenda. Afadhali hivyo. Aliyeweka saa ya 88 kwenye 109 ndiye wa kumwombea, anadhani anakwenda polepole.

Tafuta saa yenye namba ya gari lako.

NyumbaYaMakorora

Ni mama. Ahsante sana, nimeelewa.

Mkonge109

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na nusu. Naandika kirefu kidogo kwa faida ya atakayefika hapa na tatizo kama langu.

Kijiti nilichonga cha mwarobaini. Nilipozungusha tundu la saa kilikwenda robo duara kikakwama, nikakaza kikavunjika. Nilikaa kimya kidogo pale kwenye kiti cha dereva. Mwaka mzima nimelaumu waya.

Saa niliipeleka Ngamiani kwa mzee mmoja fundi saa. Alisema hajawahi kufungua ya gari, akaifungua kwa utaratibu mkubwa juu ya kitambaa cheupe, kitambaa kikageuka cheusi. Aliisafisha siku mbili. Nilimsihi asiguse namba za maili, akanijibu kwamba saa haidanganyishwi. Iliporudi niliingiza kijiti kipya, nikakizungusha kwa vidole viwili, mshale ukanyanyuka wenyewe na kurudi taratibu. Niliwaita watoto waje waone.

Oilsili ya kigia ilikuwa ngumu kama gamba la nazi, ilitoka vipande viwili. Transfa ilikubali zaidi ya nusu lita ya oili kabla ya kufurika kwenye tundu la kipimo. Mzee, hilo peke yake lingeniua gari.

Waya mpya niliupata mrefu kuliko wa zamani. Nimeubiringisha kwenye kioo cha meza ya sebuleni, mke wangu ameniuliza maswali, nimemjibu. Wa kwanza uliruka, nikaurudisha dukani, wa pili ukapita. Sasa umepita mbali na ekzosi, una klipu nne, na tundu la ukuta lina raba niliyokata kwenye kipande cha tairi la ndani.

Kisha nikafanya jaribio langu. Kilomita 16 ni kama maili 10 kasoro. Nilitafuta nguzo za kilomita barabara ya Segera, nikahesabu 16 bila kuruka. Namba zilitembea maili 9 na sehemu 9 za kumi. Na mshale! Kwenye 31 ulitulia kama umechorwa.

Zile maili zilizopotea sikuzirudisha kwenye saa. Nimekadiria kwa safari za Muheza nilizoandika kwenye risiti za machungwa, zinafika kama 2,900, na nimeandika hivyo kwenye daftari kwa wino mwekundu ili mtu asichanganye kadirio na kipimo. Chini yake: "63,871. Waya wa spidi, oilsili ya kigia, saa imesafishwa. Oili ya injini na ya transfa."

Mzee, nikupe swali la mwisho. Niupake grisi tena lini? Na ukiwa na nafasi, machungwa yanaanza kuiva, nikuletee kikapu hapo Ngamiani.

MzeeWaSpana (Ngamiani)

Mwanangu, kazi safi sana. Huo wino mwekundu baba yako angeuelewa.

Kila maili 10,000, au mara moja kwa mwaka, chochote kitakachotangulia. Fanya kabla masika hayajaanza, siyo baada. Hewa yetu hii ya pwani ina chumvi, na maji yakiingia kwenye kava lililopasuka hayatoki, yanaula waya kwa ndani huku nje unang'aa. Uvute wote, uoshe kwa mafuta ya taa, uanike kivulini, ukague, paka kidogo, rudisha. Nusu saa.

Machungwa lete. Nami nitaiangalia ile ngoma ya breki ya mkono, maana oilsili ya kigia ikiwa ilikuwa gamba la nazi, ile kubwa ya shafti jirani yake ina umri uleule, nayo ikivuja inamwagia breki.